Nukta Hii ni ya Nani?

Sonatina ya kwanza ya Opus 36 ya Muzio Clementi huanza hivi kwa mkono wa kulia: do moja, kisha mi na do za haraka, kisha so mbili za chini zilizo sawa kwa urefu. Noti tano. Katika nakala moja inayozunguka mjini Voi, mi na do zimefungwa kwa upinde na kila so imewekewa nukta ya stakato. Katika kitabu kingine cha muziki uleule, baa hiyo haina alama yoyote. Mtunzi ni mmoja, noti ni zilezile, lakini ukizipiga kama zilivyochapishwa, ya kwanza inarukaruka na ya pili inakuachia wewe uamue kama inatembea, inateleza au inaruka.

Mjadala huu ulianzia hapo. Nimeupanga kwa sauti tatu, na nimewapa wasemaji vyeo badala ya majina, kwa sababu hoja hizi zimetoka kwa watu wengi wa Voi, Mwatate na Wundanyi. MWALIMU anafundisha piano. MZEE ni mtu wa Sagalla aliyepiga kinanda kanisani tangu enzi za kinanda cha kukanyaga kwa miguu. MTAHINIWA ni msichana wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani wa gredi. Nitakapokuwa na langu nitalisema.

MTAHINIWA: Mwalimu, mimi nataka jibu moja tu. Nirekodi na nukta au bila nukta? Tangu 2020 bodi ya mtihani huo, Associated Board, inapokea mtihani kwa video, kwa hiyo sihitaji kupanda gari kwenda Mombasa wala Nairobi. Nitarekodi hapahapa. Lakini video haina maelezo. Mtahini akiona nimeruka nukta zilizo kwenye kitabu chake, atadhani nimesahau. Nikizipiga na kitabu chake hakina, atadhani nimebuni.

MWALIMU: Hofu yako naielewa, lakini silabasi imeshaiondoa. Bodi hiyo ina miaka mingi, ilianzishwa 1889, na imeona matoleo ya kila aina. Inakuruhusu utumie toleo lolote isipokuwa pale inapolitaja moja kwa jina. Na inasema wazi kwamba mapendekezo ya mhariri, kama vile namba za vidole na alama za kuunganisha noti, hayakulazimishi. Kwa hiyo swali lako tuligeuze. Usiulize alama ipi ni sahihi. Uliza ni nani aliyeiweka.

MTAHINIWA: Na nitajuaje? Hii ni fotokopi ya fotokopi. Haina jalada.

MWALIMU: Basi tatizo lako la kwanza ni jalada, kabla hata ya nukta. Na hiyo fotokopi mtihani hauitaki pia, usisahau.

Hapo Mwalimu amegusa jambo linaloniuma. Ukienda saiba na kitabu cha kuazima, unatoa nakala ya kurasa unazotaka, na ukurasa wa kwanza unaachwa ili kuokoa shilingi chache. Kumbe ukurasa huo ndio unaosema nani alihariri, mwaka gani, na kwa kufuata chanzo kipi. Ukishaukata, kila alama iliyobaki inajifanya ni ya mtunzi. Upinde wa mtu wa 1797 na nukta ya mtu aliyezaliwa baada ya mtunzi kufa vinakaa mstari mmoja, kwa wino mmoja, na mwanafunzi hana njia ya kuvitenganisha. Tunaweza kuishi Voi bila vitabu vya bei kubwa. Lakini kutoa nakala ya jalada hakutushindi.

MZEE: Lakini Mwalimu, hata ukilijua jina la mhariri, itakusaidia nini? Wewe unataka kumfikia Clementi. Clementi alisemaje?

MWALIMU: Clementi alisema mara mbili, Mzee, na hakusema neno lilelile. Sonatina hizi zilitoka London mwaka 1797. Kisha miaka ya 1820 ilipokaribia, akatoa toleo jipya na kutangaza kwenye jalada kwamba yeye mwenyewe amelifanyia maboresho makubwa. Piano zilikuwa zimeongezwa funguo za juu, naye akaupeleka mkono wa kulia juu zaidi mahali pengine. Alama nazo akazigusa. Sasa mtu akikuambia "nafuata alichoandika Clementi", mwulize Clementi wa mwaka gani.

MTAHINIWA: Basi na yule wa 1797 akiacha baa tupu, maana yake nipige bila kuunganisha?

MWALIMU: Hapo ndipo utamu ulipo. Baa tupu haikuwa na maana moja nyakati zote. Carl Philipp Emanuel Bach, mtoto wa yule Bach mkubwa, aliandika mwaka 1753 kwamba noti isiyo na alama yoyote ishikwe nusu ya urefu wake. Nusu! Mwaka 1789 Daniel Gottlob Türk akasema hapana, iachiliwe mapema kidogo tu kabla haijaisha. Halafu mwaka 1801 Clementi mwenyewe akachapisha kitabu cha kufundishia piano, akasema mtunzi akikuachia uamuzi, shika zaidi legato na stakato uitumie hapa na pale. Hesabu miaka hiyo. Ndani ya nusu karne, baa ileile tupu imehama kutoka kuachana hadi kuungana.

MZEE: Na sonatina yetu iko katikati kabisa.

MWALIMU: Iko katikati kabisa. Imetoka 1797, miaka minane baada ya Türk, na miaka minne kabla ya mtunzi mwenyewe kutamka kwamba anapenda legato. Ndiyo maana nasema yule mhariri aliyeweka nukta hakuwa mjinga. Pengine alikuwa na watoto darasani waliokuwa wakizinatisha so zote mbili zikawa noti moja ndefu. Akaweka nukta ili wazitenganishe. Nukta yake ni dawa ya ugonjwa wa wanafunzi wake. Wewe unao ugonjwa huo?

MTAHINIWA: Sijui. Labda.

MZEE: Mimi niseme langu sasa. Mnazungumza kana kwamba alama ndiyo inayozaa sauti. Sisi tulikua na solfa. Solfa haina nukta ya stakato wala pembe ya mkazo, lakini nani atasema kwaya za Taita hazina mkazo?

MWALIMU: Haina pembe, Mzee, lakini mkazo inao. John Curwen aliipanga solfa yake hivyo. Mstari mrefu wima unatangulia pigo zito. Mstari mfupi unatangulia pigo la wastani. Nukta mbili zinatangulia pigo jepesi. Kwa hiyo mwanakwaya wa Sagalla aliyesoma solfa aliona mkazo umeandikwa kila pigo, mwanzo hadi mwisho wa wimbo, kabla ya kuona pembe yoyote kwenye noti za piano.

MZEE: Sikatai. Lakini sikiliza sasa kilichokuwa kikitokea. Wamisionari wa CMS walifika kwetu Sagalla mwaka 1883, na nyimbo zao zikaja na tuni za kwao. Maneno yakawa ya kwetu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hilo halina mjadala. Neno "moyoni", mkazo uko kwenye "yo". Nimepiga tuni ambazo mstari mrefu wa solfa unaiangukia "ni". Ukiufuata mstari, kanisa zima linaimba "moyo-NI", na hakuna mtu anayesema hivyo nyumbani kwake. Basi mimi nilifanya nini? "Yo" nikaichelewesha kidogo, nikaikalia. "Ni" nikaigusa na kuiacha. Kanisa likanifuata.

MWALIMU: Na kama mtu angekurekodi, akaandika noti kwa kukusikiliza, angeweka pembe ya mkazo juu ya "yo". Kisha mwingine angelinganisha na kitabu cha solfa, aseme mpiga kinanda wa Voi alikosea.

MZEE: Angesema mwenyewe. Mimi nilikuwa naimbisha watu.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu Mzee amefanya jambo ambalo vitabu vya noti hulieleza kwa shida. Kinanda cha kukanyaga hakina mkazo wa kidole. Sauti yake inapanda na kushuka kwa upepo unaousukuma kwa miguu, na upepo huo unazilisha noti zote kwa pamoja. Huwezi kuigonga noti moja ikawa nzito kuliko jirani yake. Harpsikodi za karne ya 18 zilikuwa na kizuizi hicho hicho, maana kijiti kinachodonoa waya hutoa sauti karibu ileile, ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole. Na kibodi nyingi za bei nafuu zilizojaa makanisani mwetu leo ziko hivyohivyo. Bonyeza kwa hasira au kwa huruma, spika itatoa kiasi kilekile. Basi mkazo unatoka wapi?

Nilimwona Mzee akionyesha kwenye kibodi ya namna hiyo. Alichukua so mbili za Clementi. Akapiga ya kwanza, akainua kidole mapema, ukapita ukimya mfupi sana, kisha akaiweka ya pili na kuishikilia hadi mwisho wa urefu wake. So ya pili ikasikika nzito, ingawa mashine haikuongeza sauti hata chembe. Akageuza: ya kwanza akaishikilia hadi ikagusana na ya pili, ya pili akaikata. Uzito ukahamia ya kwanza. Mtahiniwa alimwomba arudie, naye akarudia akiwa kimya, akitazama vidole vyake tu.

MTAHINIWA: Kwa hiyo nukta nayo ni mkazo?

MZEE: Nukta ni mkazo wa yule anayekuja nyuma yake.

MWALIMU: Nakubali, na hilo linaonyesha kwa nini tulinganishe vyanzo. Mhariri aliyeweka nukta juu ya so zote mbili amezifanya sawa. Aliyeweka juu ya moja tu amechagua mlima uko wapi. Aliyeacha tupu amekuachia. Hayo ni maamuzi matatu kuhusu uzito, na yote yameandikwa kwa kitone kidogo cha wino.

MTAHINIWA: Mwalimu, ngoja. Mnawasema wahariri wa zamani vibaya kidogo, lakini mimi nimejifunza kwao. Ile minueti ya so kubwa, ya kwenye daftari la Anna Magdalena Bach...

MWALIMU: Ya Christian Petzold.

MTAHINIWA: Kitabu changu kimeandika ni ya Bach.

MWALIMU: Vitabu vingi bado vinaandika hivyo. Daftari lenyewe ni la 1725, na muziki huo ulinakiliwa humo bila jina la mtunzi. Ilikuja kujulikana katika karne iliyopita kwamba ni wa Petzold. Na nukta za stakato ulizozizoea humo, daftarini hazimo.

MTAHINIWA: Sawa, hazimo. Lakini bila nukta hizo ningeipigaje nilipokuwa na mwaka mmoja tu wa piano? Sikuwa na redio ya kunionyesha, wala mwalimu wa kila siku. Zile nukta zilikuwa mwalimu wangu. Leo mnaniambia nizifute kwa sababu aliyeziweka hakuwako 1725?

MZEE: Binti amesema kweli.

Amesema kweli, nami nasimama naye. Kuna dharau fulani iliyoingia tangu matoleo ya Urtext yaenee, yale yanayojaribu kuchapisha alichoandika mtunzi na kutenga ya mhariri. Günter Henle alianzisha nyumba yake ya uchapishaji mwaka 1948 kwa kazi hiyo, na kazi yenyewe ni ya heshima. Lakini wapo wanaodhani kwamba kila alama ya mhariri wa karne ya 19 ni takataka. Chukua Carl Czerny. Mwaka 1837 alitoa Das wohltemperierte Klavier ya Bach ikiwa imejaa alama ambazo Bach hakuziandika: kasi, sauti kubwa na ndogo, pinde, nukta. Lakini Czerny alikuwa mwanafunzi wa Beethoven, na alieleza kwamba sehemu ya alama hizo zinatokana na jinsi anavyokumbuka Beethoven akizipiga zile fugi. Ukitafuta Bach, alama hizo zitakupoteza. Ukitaka kujua fugi za Bach zilisikikaje chini ya vidole vya Beethoven, huo ni ushahidi adimu. Karatasi ni moja, na thamani yake inategemea unaiuliza nini.

MWALIMU: Nami sikusema azifute. Nilisema ajue ni za nani. Kuna wakati hata mwenye kalamu akijulikana, bado alama yenyewe haisomeki. Mwaka 1825, mwezi wa Agosti, Beethoven alimwandikia Karl Holz kuhusu kunakiliwa kwa kwarteti yake ya Opus 132. Alilalamika kwamba nukta na vistari vya wima si kitu kimoja, kila kimoja kibaki alipokiweka. Sasa fungua muswada wa sonata zake za piano. Kalamu ilikuwa na haraka. Utaona kitu kilicho kati ya nukta na kistari, na waungwana wawili wenye shahada watakisoma kwa namna mbili. Kwa Mozart ugomvi huohuo ulifika mahali pa kutungiwa kitabu kizima, mwaka 1957, cha kujadili kabari, kistari na nukta tu.

MTAHINIWA: Kitabu kizima?

MWALIMU: Kizima. Na Chopin ana lake. Kazi zake zilikuwa zikitoka karibu wakati mmoja Paris, Leipzig na London, kila mji na mchapishaji wake, na maandishi hayakulingana. Juu ya hapo, akifundisha, alikuwa akiandika kwa penseli kwenye vitabu vya wanafunzi wake. Vya Jane Stirling vipo hadi leo. Kwa hiyo una muswada, una matoleo matatu ya kwanza, una penseli ya darasani, na vyote vina mkono wa Chopin ndani yake kwa namna fulani. Halafu kuna ile pembe. Chopin aliandika pembe fupi, ambayo ni mkazo wa noti moja. Aliandika pia pembe ndefu zaidi, na wachapishaji wakawa wanaigeuza: huku wakaifanya mkazo mfupi, kule wakairefusha ikawa alama ya kupunguza sauti. Jan Ekier, aliyeongoza Toleo la Taifa la Poland, akazitenganisha tena: mkazo mfupi na mkazo mrefu.

MZEE: Yaani alama ileile, mmoja anaambiwa akaze, mwingine anaambiwa afifize.

MWALIMU: Kwenye noti ileile.

MZEE: Basi hapo mimi nasema funga vitabu vyote, imba.

MWALIMU: Na ukiimba, Mzee, utagundua kwamba mara nyingi ni yote mawili. Unaegemea noti, kisha unaiachia ififie. Ndiyo maana pembe ni ndefu. Lakini nisingelifikia hilo kama nisingeona kwamba vyanzo vinapingana. Vingekubaliana vyote, ningepita moja kwa moja.

MTAHINIWA: Mimi nina neno la pesa, mnisamehe. Kitabu cha Henle kinanunuliwa Nairobi, nacho si bei yangu. Nikitafuta bure, naingia IMSLP, na bando langu linatosha. Lakini huko ninakuta nini? Matoleo ya zamani.

Hili lisipite. Maktaba ya IMSLP, iliyoanza 2006, imetenda wema mkubwa kwa mwanafunzi wa Voi kuliko shule nyingi. Lakini yaliyojaa humo ni matoleo ambayo haki yake ya kunakili imekwisha, yaani vitabu vya karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, vilivyohaririwa kwa ukarimu mkubwa wa nukta na pinde. Toleo lililofanyiwa utafiti jana bado linauzwa. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa mwenye nacho anapiga Clementi aliyechujwa, na mtoto wa asiye nacho anapiga Clementi wa mhariri wa Leipzig, na mtahini anayesikiliza anaweza kudhani tofauti hiyo ni ya kipaji. Dawa yake ipo humohumo kwenye maktaba hiyo, kwa sababu kwa kazi nyingi zimewekwa pia picha za toleo la kwanza kabisa, na pengine muswada wenyewe. Mwanafunzi hupakua faili la kwanza analoliona kwa sababu maandishi yake ni makubwa na safi. Apakue mawili. La zamani zaidi, hata kama wino umefifia, na lile lililo rahisi kusomeka. Ayaweke sambamba, baa nane tu za mwanzo, na penseli mkononi.

MZEE: Haya, na wimbo usio na faili? Binti, si ulisema unataka kupiga Malaika kwenye tamasha la shule?

MTAHINIWA: Ndiyo. Nimepata mpangilio wa piano. Huu hapa.

MWALIMU: Hauna jina la aliyeupanga.

MTAHINIWA: Hauna. Lakini una alama nyingi. Mkono wa kushoto wote ni stakato, na kila pigo la kwanza lina pembe ya mkazo.

MZEE: Nipe nione. (Anasoma.) Huyu hakumsikiliza Fadhili William.

MWALIMU: Tuanze na vyanzo, Mzee.

MZEE: Vyanzo ni sauti. Fadhili William ni mtoto wa Taita Taveta hii. Alirekodi wimbo huo na Jambo Boys karibu 1960, kisha ukarekodiwa tena chini ya studio ya Equator. Wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania, na ubishi huo siumalizi mimi. Lakini hakuna karatasi iliyoandikwa noti kwa mkono wa mtunzi ambayo mimi na wewe tunaweza kuifungua tukahesabu nukta. Kuna sahani.

MWALIMU: Na sahani ni nyingi. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutoa kwenye albamu yao ya pamoja ya 1965. Boney M wakaufanya wa dansi mwaka 1981. Mpangilio huu wa piano unaweza kuwa umetoka kwa yeyote kati yao. Hizi pembe kwenye kila pigo la kwanza zinanipa shaka kwamba aliyeandika alikuwa anasikia ngoma ya disko akilini.

MTAHINIWA: Na stakato za kushoto?

MZEE: Hizo alikuwa anasikia gitaa, lakini alisikia nusu. Gitaa likipigwa linaanza kwa ncha kali, kweli. Lakini halikatiki. Linaendelea kulia na kufa polepole lenyewe. Ukiweka nukta kwenye piano, kidole kinainuka, kizuizi kinashuka kwenye waya, sauti inauawa pale pale. Umepata ncha, umepoteza uhai wake. Piano nayo ni waya unaogongwa kisha unakufa wenyewe, ina undugu na gitaa tayari. Iache ilie. Usiweke nukta. Kanyaga pedali kidogo, nusu, ubadilishe kila kodi inapogeuka.

MWALIMU: Mzee, hapo umenishinda. Ningemwambia aheshimu nukta kwa sababu mpangaji ndiye chanzo pekee cha karatasi tulicho nacho.

MZEE: Mpangaji si chanzo. Mpangaji ni shahidi aliyefika akiwa amechelewa.

MTAHINIWA: Na pembe za mkazo nizifanyeje?

MZEE: Imba kwanza kwa maneno, bila piano. Kidole chako kiegemee pale ulimi wako unapoegemea. Mwimbaji wa Kiswahili halitupi neno kwenye pigo la kwanza ili pigo lifurahi.

Kwa Clementi niko na Mwalimu. Karatasi zipo, mtunzi alizipitia mara mbili kwa mkono wake, na kukataa kuzilinganisha ni uvivu. Kwa Malaika niko na Mzee, na si kwa sababu ni wa kwetu. Ni kwa sababu sauti ya mwimbaji imehifadhiwa na kalamu ya mtunzi hatuna. Mwenye kulinganisha vyanzo akadhani chanzo ni karatasi peke yake, atampa mpangaji asiye na jina mamlaka juu ya mtu aliyeimba. Kosa hilo linafanyika kila mwaka kwenye matamasha yetu, ambapo nyimbo za nyumbani zinaletwa jukwaani zikiwa na nukta na pembe zisizojulikana zilikotoka, na waamuzi wanatoa alama kwa kutazama karatasi.

MWALIMU: Basi tuandike. Binti, chukua penseli. Kila alama utakayoibakiza kwenye Clementi, iandikie herufi pembeni: ni ya toleo la kwanza, ya mhariri, au yako.

MTAHINIWA: Na Malaika?

MWALIMU: Vilevile. Zile za mpangaji uziwekee alama ya kuuliza. Zile za Mzee ziandike jina lake na mwaka.

MZEE: Jina langu usiliandike. Ukiliandika, mwakani mtoto mwingine atatoa nakala, atapiga pedali yangu kwenye kibodi isiyo na pedali, aseme ndivyo Mzee alivyotaka. Mimi nilitaka hivyo kwa piano hii, na kwa mwimbaji huyu.

MWALIMU: Na lisipoandikwa, mwakani itakuwa nukta nyingine isiyo na mwenyewe. Mzee, si hilo tulilokuwa tunalilia tangu mwanzo?

MZEE: Basi andika na piano yenyewe. Andika ni ya kuimbiwa. Andika yote.

MTAHINIWA: Pembeni hapatoshi.

MZEE: Geuza karatasi, nyuma ni tupu.

Mtahiniwa aligeuza na kuandika. Kuhusu Clementi, alitaka mwanzoni apige mara ya kwanza bila nukta na marudio apige na nukta, ili mtahini asikie kwamba anazijua zote mbili. Mwalimu akamkumbusha kwamba kwenye mtihani huo marudio hayapigwi isipokuwa silabasi iseme, kwa hiyo achague. Amechagua so ya kwanza fupi na ya pili iliyoshikwa hadi mwisho, jambo ambalo halimo kwenye nakala yake yenye nukta wala kwenye kitabu kisicho na alama. Ameiandikia herufi yake mwenyewe pembeni. Mwalimu anaona ni halali lakini angependa so ya pili ipungue uzito kidogo. Mzee anaona isipungue.